Jiwe Lililokuwa Jikoni

Kasokola, alasiri, kesho yake ni treni

Devota mwanangu,

Mwalimu wetu wa kisomo alitufundisha kwamba barua huanza kwa kuulizana hali. Sasa mimi nikuulize nini? Hali yako naijua. Asubuhi umekunywa uji, ukalalamika hauna sukari kana kwamba hujui duka la ushirika lina nini siku hizi, kisha ukaondoka kwenda Majengo kumuaga shangazi yako na kutafuta kamba ya kufungia sanduku. Umeniachia nyumba nzima na kalamu yako moja. Nami nimeikamata.

Jioni ukirudi utakuta jambo la ajabu. Mama yako, usiku wako wa mwisho nyumbani, atakupa viazi vya kuchoma kwenye majivu na maziwa ya mgando. Hakuna wali, hakuna mchuzi, hakuna hata chai. Utavuta mdomo. Utasema, "Mama, ndio chakula cha kuniaga hiki?" Nami nitakuambia ule tu, sababu utaisoma kwenye treni. Kuku wako yupo, nimemchoma kwa kijiti, amelala kapuni kwa ajili ya safari. Lakini sababu ya viazi ni ndefu, na nakuomba uisome yote kabla hujafika Tabora.

Nasema Tabora kwa makusudi. Juzi ulinikalisha chini pale barazani ukaniambia, "Mama, mimi naona nisiende." Ukasema mpunga nani atauvuna, maji nani atayachota, na mimi nitaongea na nani jioni tangu baba yako atutoke. Nikajua maneno hayo yametoka wapi. Baba yako mdogo Kalisto alikuwa amepita asubuhi yake, na Kalisto hapiti mahali bila kuacha kitu. Nilimsikia mwenyewe akikuambia, "Mtoto wa kike unakwenda kupima barafu, na mama yako unamwachia nani? Barafu ina shida gani wewe, si iko mlimani huko?" Mwisho wa yote ukakubali kupanda treni, lakini ukasema ukifika Tabora, pale mnapobadilisha mabehewa, utausikiliza moyo wako. Ukikuambia urudi, utarudi. Tangu hapo sijapata raha, Devota. Sihofii kwamba utakwenda. Nahofia kukuona ukishuka tena hapa Mpanda na sanduku lako.

Ya sweta, ya dawa za malaria, ya kutolala na soksi zenye maji, hayo tumeshayasema mpaka yakachosha. Hapa nataka kukukumbusha mambo mengine.

Unakumbuka barafu yako ya kwanza? Hukumbuki, ulikuwa mdogo, ndiyo kwanza meno ya mbele yamekutoka. Baba yako alikuwa ameshuka mjini kuuza nta na asali. Mwenye hoteli mmoja pale Majengo alikuwa na friji ya mafuta ya taa, na kwa kuwa alipenda asali ya baba yako, akamvunjia kipande cha barafu. Baba yako akakifunga kwenye kitambaa, akakizungushia unga wa mbao, akaweka ndani ya mfuko, akapanda baiskeli. Kutoka Majengo mpaka huku, jua la mwezi wa tisa! Alifika anahema, akakuita, "Njoo uone maji yaliyogeuka jiwe." Akafungua mfuko. Akafungua kitambaa. Tope la unga wa mbao, basi. Baba yako alisimama pale na kitambaa kinachodondosha maji, mtu mzima, mrina asali anayeogopwa na nyuki, akataka kulia. Wewe ukachungulia ndani ya mfuko, ukaangalia chini yake, ukamuuliza, "Nani ameila?"

Tulicheka siku nyingi. Kila kitu kikipotea nyumbani, baba yako alikuwa anauliza, "Nani ameila?" Hakuna aliyejua kwamba kuna siku utaandikiwa kwamba umechaguliwa kwenda na wapimaji kwenye barafu ya Kilimanjaro, na baada ya hapo uende ng'ambo kusomea namna ya kusoma picha za angani, kwa sababu ile barafu ya mlimani inapungua na watu wanataka kujua inakwenda wapi. Mimi nilipousoma ule waraka, nikauelewa mwenyewe bila kusomewa na mtu, neno la kwanza lililonijia ni lile lako. Mtoto ameuliza swali akiwa na meno ya maziwa, na sasa anatumwa akatafute jibu. Nilikaa chini ya kihenge nikalia kwa furaha, kisha nikaenda kwa jirani kumwamsha Mama Sikitu alikokuwa amelala mchana.

Halafu ukaja na ile picha. Aibu uliyonipa! Ulikunjua karatasi mezani ukasema, "Mama, hii ni nchi yetu inavyoonekana na setilaiti, chombo kinachozunguka juu kabisa." Mimi na Mama Sikitu tukainama. Nikaona nyekundu. Nyekundu kwenye mabonde, nyekundu kandokando ya mito, nyekundu mpaka kule kwenye mbuga. Nikapiga ukunga. "Pori linaungua lote! Mizinga ya baba yako!" Mama Sikitu akakamata khanga yake kama anayetaka kukimbia. Wewe ukaegemea ukuta ukacheka mpaka ukashika mbavu.

"Mama, huo sio moto. Hayo ni majani mabichi."

"Majani mekundu?"

"Chombo kile hakioni kama jicho letu. Majani mabichi yanarudisha mwanga ambao nyie na mimi hatuuoni. Wanaochapa picha wameupa rangi nyekundu."

"Na moto wenyewe uko wapi?"

Ukaniwekea kidole kwenye madoa meusi. "Huku. Palipoungua ndio peusi."

Basi nilichokiogopa kilikuwa uhai, na nilichokipita bila kukitazama kilikuwa moto. Mtu wa hapa, aliyeolewa na mrina asali, kila kiangazi anasikiliza upepo usije ukaleta moto kwenye miti ya mizinga, ataionaje rangi nyekundu akafikiri majani? Niliitafuta nyumba yetu, ukaniambia haionekani, ni ndogo mno. Nilitaka kuchukia, lakini nikaona ziwa Rukwa limelala pale, refu, na nikaona upande wa kwetu Mpimbwe nilikozaliwa. Nikaweka kiganja juu ya nchi ambayo wazee wangu waliitembea kwa miguu maisha yao yote. Mama Sikitu akasema, "Devota, mwanangu, wewe unaona anachokiona Mungu." Ukamjibu kwamba Mungu anaona vizuri zaidi, maana picha yako haiwezi hata kutofautisha wingu na theluji, vyote ni vyeupe. Ndiyo maana lazima mtu apande mlima kwa miguu, aende mpaka pembeni ya barafu, aishike, achore ramani, ndipo aseme picha inasema kweli au inadanganya. Nilikupenda sana kwa jibu lile. Wengine wakisoma wanajifanya wanajua kila kitu.

Sasa nifike kwenye jiwe. Tumelicheka, lakini hatujawahi kulizungumza.

Likizo ile nyingine, kabla hujapata hii safari, ulitaka kujizoeza. Ukaenda kwenye lile bwawa la mtoni chini ya mashamba, ukachagua jiwe, ukalikalisha kwenye ukingo pale maji ya masika yanapoishia, ukalipaka rangi nyekundu. Ukawa unapima kwa utepe kutoka kwenye jiwe mpaka maji yalipo, kila wiki, unaandika. Ulinieleza baadaye kwamba kwenye barafu nako ni vivyo hivyo: unaweka alama kwenye mwamba usiosogea, unapima mpaka ukingo wa barafu, mwaka unaofuata unarudi kupima tena. Ulinieleza baadaye, nasema. Wakati ule hukunieleza kitu. Ulimwachia kazi ya kupima yule kijana wa mwalimu mkuu, ukarudi chuoni, na kijana naye akahamishiwa shule ya mbali kabla jua halijakaza.

Kiangazi kikakaza. Tukashuka wanawake kukamata kambare kwenye matope, kama kila mwaka. Nikaliona jiwe. Devota, wewe unajua udongo wa Kasokola. Jiwe zuri hapa ni la kutafutwa. Hili lilikuwa bapa juu, zito, lile la namna isiyopasuka motoni. Figa langu moja lilikuwa limevunjika tangu Pasaka, nainjika sufuria huku nimeiegemeza kwa tofali. Nikamshukuru Mungu, nikalitia kichwani juu ya ngata, na kambare wangu mkononi, nikaja nyumbani naimba.

Uliporudi ulikwenda moja kwa moja bwawani na utepe wako. Ukarudi. Ukakaa jikoni kwenye kigoda, mimi nakoroga ugali, nikaona macho yako yamegandia chini ya sufuria.

"Mama. Hili jiwe umelitoa wapi?"

"Bwawani. Zuri, eh? Halipasuki hata kidogo."

Ukainama, ukakwangua masizi kwa ukucha, nyekundu ikatokea. Nikadhani umeumwa na nge, jinsi ulivyokaa chini. Kisha ukaanza kucheka, nami nikacheka kwa kukufuata, sijui ninacheka nini. Nilipotazama vizuri nikaona unacheka na kulia. Ukasema, "Nililipaka rangi, Mama!" Nikakujibu kwa ukali, kwa sababu mtu akijua amekosa huwa mkali kwanza, "Rangi! Rangi inaniambia nini mimi?"

Hukulichukua jiwe. Ukasema libaki tu, ugali utaiva. Nami kwa ukaidi wangu nikaliacha pale, nikalipikia kila siku, na kila siku nikipuliza moto naliona.

Nimelifikiria sana lile swali langu. Rangi haikuniambia kitu. Lakini nenda porini, Devota, nenda mwendo wa siku nzima mahali pasipo nyumba wala njia. Ukiukuta mti umekatwa alama ya shoka, mikato miwili imesimama na mmoja umelala juu yake, hutaugusa. Hakuna mtu wa nchi hii atakayeugusa. Ni mti wa mzinga wa baba yako, na kabla yake wa babu yako. Mwizi hapiti pale, mwenye njaa hapiti pale. Mimi mwenyewe, hata nikichoka vipi, nisingeuegemea bila kumtaja mwenye mzinga. Ungekata alama ile juu ya jiwe lako, ningelizunguka kwa mbali na kambare wangu. Wewe ulitumia alama ya vitabuni, mimi nikasoma kwa macho ya jikoni. Hakuna mjinga kati yetu, hatukuulizana tu.

Basi ukifika kule juu, kabla hamjaweka alama yenu, waulize wanaowabebea mizigo, wale wenyeji wa mlimani: hapa kwenu kitu gani hakiguswi? Maana hao nao hupika, mwanangu. Wapagazi hawali picha za setilaiti. Wakilipenda jiwe lenu, mwaka ujao mtalikuta chini ya sufuria.

Nimekuchekesha, sasa vumilia kidogo, kuna jambo ambalo si la kucheka.

Nilipokuwa binti, masista wa misheni walitaka kunipeleka mbele nikasomee ualimu. Walikuja nyumbani kwa miguu kuongea na wazazi. Wakati huo mama yangu, bibi yako ambaye hukumkuta, miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Hakuna aliyenikataza. Mama mwenyewe alisema, "Nenda." Mimi ndiye niliyesema nitabaki, nikasifiwa kijiji kizima, nikaitwa mtoto mwema. Na nikabaki. Nikamkorogea uji wake asubuhi na jioni, na kila nilipoukoroga niliukoroga kwa hasira. Nilipomwosha miguu nilikuwa nawafikiria wenzangu walioshika chaki. Sikumtamkia neno baya hata siku moja. Siku moja akarudisha kikombe, akaniambia, "Uji wako mtamu, mwanangu, ila unanikalia hapa." Akajigusa kifuani. Alikuwa anajua. Alikunywa hasira yangu mpaka Mungu alipomchukua, naye alikuwa ameniambia niende.

Nimekuja kushika kalamu nikiwa na mvi, kwenye darasa la kisomo, nabanana na Mama Sikitu kwenye dawati la watoto. Sijutii kumuuguza mama yangu. Najutia kwamba nilibaki pasipo moyo, nikampa mwili peke yake. Mimi sitaki uji wa namna hiyo kutoka kwako, Devota. Utanikalia hapahapa ulipomkalia bibi yako. Ukinibakia, kila masika utakaa mlangoni unatazama mvua ya mawe, unaokota punje moja ya barafu, unaitazama ikiyeyuka kiganjani, na mimi nitakuona.

Na tena nani amekuambia nataka ubaki? Mimi najivuna, mtoto wewe! Najivuna mpaka majirani wamechoka. Juzi kwenye mashine ya kusaga nimewazuia watu foleni. Yule mke wa Bwana Shamba akaniuliza, "Barafu inapimwaje, kwa kilo au kwa debe?" Nikamwambia inapimwa kwa picha ya kutoka angani na kwa miguu ya mtu hodari, na huyo mtu hodari nimemzaa mimi, hapa, juu ya mkeka, mvua ikinyesha. Akasema hongera. Nikamwambia arudie, kwa sababu mashine ilikuwa na kelele. Nimewaeleza na majani mekundu. Sasa hivi Kasokola nzima inajua kwamba nyekundu ni uhai na nyeusi ndiyo moto, na wengine wanadhani niliijua mwenyewe.

Kalisto naye niachie. Jana nimemwita, nikampa kibuyu cha togwa, nikamuuliza nani atanisaidia kuvuna mpunga. Akaanza, "Ndio maana nilimwambia Devota..." Nikamwambia, "Umejitolea vizuri, shemeji, tutaanza shamba la mtoni." Alimeza togwa vibaya, lakini atakuja. Mpunga una watu. Maji, Mama Sikitu ana mabinti. Jioni nina redio ya baba yako na nina vitabu vya kisomo, navyo naviandikia pembeni, mwalimu akikasirika shauri yake.

Sasa sababu ya viazi.

Ulipopinda tu njia ya kwenda mjini leo asubuhi, nilimwaga maji jikoni, nikazima moto, nikaliondoa jiwe lako. Nikalisugua kwa mchanga mpaka masizi yakatoka. Nikachukua shoka la baba yako lile dogo, la kuchongea mizinga, na nyundo ya Kalisto, nikakaa nalo uani. Jiwe si mti, limenichosha, limenivunja ukucha. Lakini alama imeshika: mikato miwili imesimama, mmoja umelala juu yake. Ile rangi yako niliikuta kwenye kopo nyuma ya mlango imeganda, nikailainisha kwa mafuta ya taa, nikaipaka ndani ya mikato. Halafu nikalitia kichwani, nikashuka nalo bwawani.

Mama Sikitu alinikuta njiani akauliza nimepatwa na nini, watu wanatoa mawe mtoni mimi nayarudisha. Nikamwambia aje anisaidie. Tulitafuta mahali pale ulipokuwa umelikalisha, kwenye ukingo wa maji ya masika, ambapo majani makavu bado yameshikilia udongo. Tukachimba, tukalizamisha nusu, tukashindilia kwa miguu tukiimba. Wanawake wawili waliokuja kuchota maji wakaiona ile alama, wakasimama. Mmoja akasema, "Hiyo si ya marehemu, mwenye mizinga?" Nikamjibu, "Ni ya mwanaye." Wakapita kwa pembeni, hakuna aliyelikanyaga.

Utepe wako wa kupimia ulikuwa tayari ndani ya sanduku. Nimekuibia. Utanunua mwingine huko, hao wapimaji hawakosi utepe. Nimepima kutoka kwenye jiwe mpaka maji yalipo leo, Mama Sikitu ameshika upande mmoja, mimi nimesoma namba, nimeandika. Kila Jumapili baada ya misa nitashuka kupima, na kila nikikuandikia nitakuwekea vipimo vyangu. Nawe niwekee vya kwako. Wewe ukiniambia barafu imerudi nyuma kiasi gani kutoka kwenye mwamba wenu, mimi nitakuambia bwawa letu limekauka kiasi gani kutoka kwenye jiwe lako. Tutakuwa tunafanya kazi moja, mtu na mama yake.

Kwa hiyo ukifika Tabora, ukisimama pale na sanduku lako kati ya treni mbili, usiusikilize moyo, moyo wako umejaa maneno ya Kalisto. Fikiria jiko langu. Jikoni kuna mafiga mawili, hayawezi kubeba sufuria, ndiyo maana ulikula viazi. Kesho nikitoka kukusindikiza nitapita korongoni kutafuta la tatu. Lako halirudi tena jikoni, mwanangu. Limekwenda kazini. Panda treni.

Mimi mama yako,
mpima maji wa Kasokola